Shela la Teddy na Upepo wa Kusini

Kila asubuhi Felisia alifungua madirisha kabla hata ya kuinjika chai. Alifundishwa hivyo na mama yake huko Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mama yake hakuvumilia nyumba iliyofungwa. Alisema inanuka ugonjwa. Basi Felisia alipohamia Guangzhou, nchini China, alibeba nguo zake, picha ya harusi yake, na hiyo tabia ya madirisha.

Yeye na mumewe Heriel walipanga chumba na sebule katika jengo la zamani, mwendo mfupi kutoka Xiaobei, mtaa wanakokaa Waafrika wengi. Walikuwa ghorofa ya chini kwa sababu kodi yake ni nafuu. Kazi yao ilikuwa kununua nguo za watoto na akina mama katika mtaa wa Shisanhang, kuzifunga marobota na kuzituma Moshi. Marobota yalipangwa sebuleni, yakaegemezwa ukutani. Mgeni akija, alikalia robota.

Heriel alikuwa na miaka minane Guangzhou. Alijua bei za kila duka. Aliwaita wenye maduka "laoban", yaani bosi, na akiambiwa bei alicheka kwanza, kisha akasema "tai gui", ghali mno. Wageni kutoka nyumbani walimfuata kama vifaranga.

"Hakuna kitu cha mji huu nisichokijua," alipenda kusema.

Alisahau jambo moja. Kila mwaka, Wachina wanapofunga maduka kwa ajili ya mwaka wao mpya, Heriel alipanda ndege akaenda nyumbani. Alirudi masoko yakishachangamka, mwezi wa nne umeingia. Wafanyabiashara wengi hufanya hivyo. Kwa hiyo katika miaka yote minane, Heriel hakuwahi kuiona Guangzhou ya Februari na Machi.

Mwaka huu nauli ilipanda, wakabaki. Na kubaki huko kulimuuma sana Felisia. Binti yao Teddy, mwenye miaka tisa, alikuwa akilelewa na bibi yake Kibosho. Jumapili inayofuata baada ya Pasaka angepokea komunyo ya kwanza. Baba na mama yake wasingekuwepo.

"Nitamtumia gauni," Felisia alisema. "Hilo gauni nitalichagua kwa mikono yangu mwenyewe. Na atavaa shela langu."

Shela hilo alilivaa yeye mwenyewe alipopokea komunyo ya kwanza. Mama yake alilishona kwa mkono, akakaa nalo jioni nyingi kando ya moto. Pindoni alitarizi maua madogo meupe, kila ua na petali tano. Felisia aliyakumbuka yale maua kuliko hata maneno ya padri. Alikumbuka harufu ya moshi wa jikoni iliyoshika kwenye kitambaa, na mama yake akicheka na kusema kwamba hata malaika watajua huyu mtoto katoka nyumba gani.

Sasa macho ya mama yake yalikuwa yameingia ukungu. Hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Shela jingine la mkono wake halitapatikana popote.

Felisia alikuja nalo China ili alitafutie gauni la rangi moja nalo. Weupe wake si weupe mkali wa dukani, ni weupe wa maziwa. Alizunguka Shisanhang mpaka miguu ikamvimba. Mwishowe alilipata. Gauni na shela vilikuwa kabatini, vikimsubiri Rodrick, mfanyabiashara mwenzao kutoka Himo. Rodrick angesafiri kwenda nyumbani Jumamosi ya pili ya Machi, na alikuwa amekubali kuvibeba kwenye begi lake.

Baridi ya mwaka huo ilikuwa kali. Felisia alilala na soksi na kofia. Kuta zilikuwa baridi, sakafu ya vigae ilikuwa baridi, hata vijiko vilikuwa baridi. Kisha siku moja ya Ijumaa, mwanzoni mwa Machi, aliamka akakuta joto. Hewa ilikuwa laini. Upepo ulitoka kusini, upande wa bahari, ukiwa na harufu ya mvua na udongo.

Felisia alisimama dirishani akafumba macho.

"Baba Teddy, njoo unuse," alimwita mumewe. "Huu ni mwezi wa tatu wa nyumbani. Mama sasa hivi yuko shambani anapanda maharage katikati ya migomba."

"Nanusa supu ya yule jirani," Heriel alisema. Lakini naye alisimama pale muda kidogo. Hata Heriel alikuwa na kwao.

Felisia alifungua kila dirisha. Alifungua na mlango wa koridoni. Akatoa shela kabatini, akalitundika karibu na dirisha ili lipate hewa. Jioni alilikunja, akalitia kwenye mfuko wa plastiki ili vumbi lisiliguse, akalirudisha kabatini. Alifanya hivyo Ijumaa, akafanya hivyo Jumamosi na Jumapili baada ya misa. Aliona raha kulitazama.

Jumapili jioni Heriel aliteleza sebuleni, nusura aanguke.

"Nani kamwaga maji?"

Hakuna aliyemwaga. Vigae vyote vilikuwa vimelowa. Felisia alipiga deki kwa maji na sabuni. Vikakauka? Havikukauka hata kidogo. Jumatatu kuta zilikuwa zinatiririka machozi. Kioo cha bafuni kilikuwa kama kimeogeshwa. Chumvi iliyeyuka kwenye kopo. Shuka zilikuwa baridi na nzito, na nguo zilizofuliwa Jumamosi zilikuwa bado mbichi.

"Bomba limepasuka," Heriel alitangaza. Alimpigia simu mwenye nyumba, akamlalamikia kwa Kichina chake cha sokoni.

Alipokata simu alikuwa ameudhika. "Anasema hakuna bomba lililopasuka. Eti ni hali ya hewa."

"Hali ya hewa imeingia lini ndani?" Felisia aliuliza.

"Ndiyo hilo nimemwambia. Tangu lini hali ya hewa ikamwaga maji sebuleni kwa mtu? Anakwepa gharama ya fundi, namjua."

Heriel alitafuta fundi. Fundi alikuja, akagonga ukuta, akacheka, akaenda zake bila hata kufungua begi la vifaa. Heriel alisema fundi na mwenye nyumba ni kitu kimoja.

Felisia alitumia akili ya nyumbani. Kama nyumba ina maji, nyumba inataka upepo. Alifungua madirisha hata usiku. Aliwasha feni ikitazama dirishani ili ivute hewa ya nje. Na kila alivyozidi kuleta upepo, ndivyo nyumba ilivyozidi kulowa. Alichoka, akaanza kujiuliza amekosea wapi.

Jumatano Heriel alitoka mapema kwenda Tianxiu Dasha, jengo la ofisi za mizigo, kuulizia kago. Felisia alibaki kupanga gauni na shela kwenye boksi dogo la kumpa Rodrick. Alifungua kabati. Harufu ilimpiga usoni kabla hajaona chochote. Ilikuwa harufu ya gunia la mahindi lililooza.

Gauni lilikuwa limetundikwa mbali na ukuta. Lilikuwa salama, ila lilikuwa na unyevu. Felisia aliufungua ule mfuko wa plastiki, akalikunjua shela. Pindoni palikuwa na madoa. Mengine yalikuwa madogo ya kijivu, kama pilipili manga iliyonyunyizwa. Moja, karibu na ua la mwisho, lilikuwa jeusi na kubwa kama kucha ya kidole gumba.

Felisia alikaa kitandani, shela mapajani, akalia. Hakulilia kitambaa tu. Alilia kwa sababu komunyo ya mtoto wake itapita yeye akiwa mbali, na kitu kimoja tu alichotaka kukipeleka kwa niaba yake kimeharibika mikononi mwake.

Kisha aliinuka, akafuta uso, akachukua ndoo. Chini ya sinki kulikuwa na chupa ya dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Kando yake kulikuwa na siki. Alikuwa amesikia kwamba siki nayo hutoa madoa. Akawaza, nikichanganya zote mbili, doa gani litabaki?

Alikuwa ameshika kizibo aliposikia harufu nyingine. Mahindi ya kukaanga. Hakuweza kukosea. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama yake, mahindi makavu yakirukaruka kwenye chungu. Harufu ilitoka koridoni, na pamoja nayo alikuja Marie-Claire, bakuli mkononi.

Marie-Claire alikuwa jirani yao wa ghorofa ya pili, mwenyeji wa Lubumbashi. Aliishi Guangzhou mwaka mzima, hakuwa mtu wa kwenda na kurudi. Watoto wake walisoma hapo hapo.

"Bonjour, Mama Teddy. Ayi Lai amekaanga mahindi, amesema nilete na kwako." Alitazama kuta, akatazama feni, akatazama madirisha. Kisha akaona chupa na ndoo. "Weye unataka kufanya nini na ile dawa?"

"Shela limeota kuvu. Nachanganya dawa na siki."

"Doucement, pole pole, dada. Weka chini kwanza." Marie-Claire aliichukua chupa mkononi mwake taratibu. "Hivi viwili havikutanake hata siku moja. Klorini na siki zikichanganyika zinatoa hewa mbaya. Inachoma mapafu. Mu nyumba ndogo kama hii inaweza kukuangusha. Na hata klorini peke yake, inakula nyuzi za zamani. Ile shela ingetoka na matobo."

Felisia alirudi nyuma, akakaa juu ya robota.

Nyuma ya Marie-Claire alitokea Ayi Lai mwenyewe. Alikuwa mama mtu mzima wa Kichina, mlango wake ulitazamana na mlango wao. "Ayi" ni kama kusema mama mdogo au shangazi, na wapangaji wote walimwita hivyo. Ayi Lai hakusalimia. Alivuka sebule moja kwa moja, akafunga dirisha la kwanza, la pili, la tatu, akazima feni. Alipomaliza ndipo akatabasamu, akasema maneno mengi.

"Anasema nini?" Felisia aliuliza.

"Anasema siku zote anapita hapa anaona madirisha wazi, anajiuliza kama weye unafuga samaki mu nyumba."

Felisia alicheka na machozi bado usoni. "Mwambie kwetu nyumba ikilowa tunafungua madirisha. Upepo unakausha."

Marie-Claire alitafsiri. Ayi Lai alitikisa kichwa kukubali, kisha akaenda kwake, akarudi na chupa ya soda kutoka kwenye friji. Aliiweka mezani. Wote watatu waliitazama. Haikuchukua muda, chupa ikaanza kutoka jasho. Matone yalishuka, yakalowesha meza.

"Chupa imepasuka?" Marie-Claire aliuliza.

"Hapana."

"Maji yametoka wapi?"

Felisia alifikiri. "Kwenye hewa."

"Voilà. Sasa chupa ni nyumba yako. Wakati wa baridi, ukuta na chini vimekuwa baridi kabisa, mpaka ndani. Leo upepo wa kusini umekuja kutoka baharini. Ni wa joto na umebeba maji mingi. Ukiuingiza mu nyumba, unagusa ukuta baridi, unaacha maji pale. Siku hizi zinaitwa huinantian, siku ambazo upepo wa kusini unarudi. Kila mwaka ziko. Wewe ulidhani unatoa maji, kumbe ulikuwa unayaita."

"Upepo wa nyumbani unakausha," Felisia alisema, kama mtu anayemtetea mama yake.

"Upepo wa nyumbani haukuti ukuta baridi hivi. Na nyumba ya mama yako ina moto kila siku, si ndiyo? Ukuta haupoi. Mama yako hakukosea. Alisema ya kwake."

Maneno hayo yalimtuliza Felisia. Aliona kwamba mama yake hajasutwa.

Ayi Lai alisukuma bakuli la mahindi mbele yake. Felisia alitafuna punje chache. Ladha ilimpeleka mbali.

"Kwa nini amekaanga leo?" aliuliza.

Marie-Claire alimuuliza Ayi Lai, na Ayi Lai akaeleza huku akionyesha kwa mikono. Wachina wa zamani waliugawa mwaka katika vipindi ishirini na vinne kwa kufuata jua. Kila kipindi kina jina, na mkulima anajua kazi yake. Kipindi kilichoanza siku hiyo kinaitwa Jingzhe, maana yake kuamka kwa wadudu. Joto linarudi, radi za kwanza zinapiga, na wadudu waliolala ardhini wanaamka. Katika kijiji alikozaliwa Ayi Lai, siku hiyo watu hukaanga mahindi na maharage kwenye sufuria. Wanasema wanawakaanga wadudu, ili wasile mazao. Watoto hula mpaka washibe.

"Na kuvu nayo inaamka," Marie-Claire aliongeza. "Hiyo hakuna anayeikaanga."

"Na mashambani wanafanya nini sasa?"

"Kaka yake ameshamwaga mbegu za mpunga mu kitalu. Amefunika na plastiki, maana baridi itarudi tena. Wakimaliza kwenda kwenye makaburi ya wazee, mwezi wa ine, watahamisha miche."

"Hata sisi tunapanda Machi," Felisia alisema. "Mwambie, dada. Mwambie mama yangu anapanda maharage mwezi huu huu."

Ayi Lai aliposikia alimpiga Felisia begani, akacheka. Alisema ana miaka thelathini mjini na bado kila Jingzhe miguu yake inamwasha, inataka tope la kitalu. Kijijini hawamhitaji tena. Kaka yake ana mashine. Lakini anakaanga mahindi kila mwaka, ili asisahau harufu.

Wakaanza kazi. Kwanza Marie-Claire alipangusa madoa makavu kwa brashi laini, nje koridoni, pua ikiwa imefungwa kitambaa, ili vumbi la kuvu lisienee ndani. Kisha shela likalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na siki nyeupe kidogo. Siki peke yake, bila dawa nyingine. Lilipokaa, Felisia alilifua kwa sabuni laini, akilikanda kwa viganja, bila kulisugua wala kulikamua kwa nguvu. Alilisuuza mara kadhaa. Akalikunja ndani ya taulo kavu ili linywe maji.

Wakati shela limelowekwa, waliishughulikia nyumba. Walifuta kuta na vigae kwa matambara makavu. Ayi Lai aliukataza mkono wa Felisia ulipoelekea kwenye ndoo ya deki. Sakafu inayotoka jasho haipigwi deki ya maji. Walitandaza magazeti ya zamani. Kiyoyozi kilichokuwa kimesahaulika ukutani kilikuwa na kitufe chenye alama ya tone la maji, yaani kukausha hewa. Marie-Claire alikibonyeza. Walivuta marobota mbali na ukuta, wakayanyanyua juu ya mbao, wakafungua yale ya chini kuangalia. Nguo zilikuwa na ubaridi tu. Zingekaa wiki nyingine, zingeoza. Kabatini waliweka vipakiti vya chokaa ya kunyonya unyevu, vinavyouzwa dukani kwa bei ndogo.

"Na madirisha sitafungua tena?" Felisia aliuliza kwa unyonge. Hilo lilimsumbua kuliko yote.

"Utafungua," Marie-Claire alisema. "Ila uulize kwanza. Toka mu koridoni, gusa vigae vya ukuta. Kule hewa ya inje inapita bure. Kama vigae vimelowa, funga, hasa asubuhi na usiku. Kama vikavu, fungua yote. Ile siku upepo wa kaskazini utarudi, nyumba itakauka mara moja."

Heriel aliporudi alikuta madirisha yamefungwa na mama wawili wa watu wamekalia marobota yake. Alielezwa. Alitazama chupa ya soda kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mwenye nyumba alisema kweli," alisema.

"Na fundi," Felisia alijibu.

"Miaka minane nipo hapa." Heriel alijikuna kichwa. "Mimi naujua mji wa wenye maduka tu, kumbe."

Shela lilibaki na maji. Hapo palikuwa na tabu nyingine. Siku zile hakuna kitu kilichokauka, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Likikaa bichi, kuvu ingerudi. Felisia alisimama nalo mkononi, akasema taratibu, "Kwa mama juu ya moto kuna dari. Mahindi yanakauka kule juu, na kahawa, na nguo za watoto wakati wa mvua. Ningekuwa na lile dari la mama."

Marie-Claire alimtafsiria Ayi Lai. Yule mama alishtuka kidogo, akatoka. Alirudi amebeba tenga la mianzi, kubwa, jeusi kwa moshi wa miaka mingi. Aliligeuza juu chini. Akaeleza kwamba kijijini kwao, siku za huinantian, waliliweka juu ya jiko la mkaa, wakatandaza juu yake nguo za mtoto mchanga. Watoto wake wote walikaushiwa nepi hapo. Tenga hilo alihama nalo mjini, na watoto wake humtania kwamba anatunza takataka.

Felisia aliinama akalinusa tenga. Lilinuka moshi. Alimshika Ayi Lai mkono, wala hakuona haja ya kutafsiriwa.

"Nilete mkaa?" Heriel aliuliza.

"Apana," Marie-Claire alisema haraka. "Mkaa mu nyumba iliyofungwa unaua watu wakiwa wamelala. Kijijini walikuwa wanafanyia barazani. Hapa tunatumia hita ndogo ya umeme, iwe mbali na kitambaa, na mtu akae karibu. Haiachwi peke yake."

Waliiweka hita mbali, moto mdogo. Heriel alipewa kazi ya kulinda. Alikaa pale kwenye kiti, akigeuza shela pole pole kama mtu anayechoma ndizi. Hakulalamika.

Shela lilipokauka, madoa ya kijivu yalikuwa yametoka yote. Lile kubwa lilipungua likabaki kama kivuli cha kahawia, karibu na ua la mwisho. Marie-Claire alisema lisisumbuliwe tena, kitambaa kitachanika.

Alhamisi usiku upepo uligeuka. Ijumaa asubuhi Felisia alitoka koridoni akagusa vigae. Vilikuwa vikavu, na hewa ilikuwa na baridi ya kaskazini, kama kaka yake Ayi Lai alivyotegemea pale alipofunika kitalu chake. Felisia alirudi akafungua madirisha yote. Kufikia saa sita sakafu ilikuwa kavu.

Alikaa kwenye mwanga, akatunga uzi mweupe kwenye sindano. Alikuwa hajatarizi tangu usichana. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni, kisha vikakumbuka. Alishona ua juu ya kile kivuli. Kwa kuwa doa lilikuwa pana, petali tano hazikutosha kulifunika. Akaongeza ya sita.

Jumamosi Rodrick alikuja, akachukua boksi dogo, akaenda uwanja wa ndege. Felisia hakumwambia mama yake habari za kuvu. Aliona haya.

Siku zilizofuata upepo wa kusini ulirudi tena, ukaja na kwenda. Lakini sebule haikulowa tena. Marobota yalifika Moshi yakinuka nguo mpya, na hakuna mteja aliyerudisha hata blauzi moja. Heriel alianza kuwafundisha wageni kutoka nyumbani. Aliwawekea soda ya baridi mezani, akawauliza kama chupa imepasuka. Aliuliza kwa ukali kidogo, kana kwamba alizaliwa akijua jibu.

Jumapili ya komunyo ilifika. Jioni ya Guangzhou ilikuwa mchana wa Kibosho. Simu iliita, na kwenye kioo akatokea Teddy, amesimama mbele ya migomba, amevaa gauni jeupe la maziwa. Shela lilimfika mgongoni. Heriel alimtazama, akatoa leso akajifanya ana mafua.

"Mama, umeniona?" Teddy aliuliza.

"Nimekuona, mwanangu. Nimekuona vizuri."

Bibi yake alikuwa amekaa kando. Hakutazama simu, macho yake hayakuweza. Alikuwa ameshika pindo la shela, vidole vikipita juu ya maua, moja baada ya jingine. Kwenye la mwisho vilisimama. Vikarudi. Vikahesabu.

"Felisia."

"Abee, mama."

"Hili lina petali sita. Mimi natia tano."

"Lilipata doa, mama. Kwa uzembe wangu. Nililifunika."

Bibi aligeuza pindo, akapapasa upande wa nyuma, pale mafundo ya uzi yanapofungwa.

"Sikukuuliza doa," alisema mwishowe. "Nilikuwa nawaza, macho yangu yamekwisha, watoto wa Teddy watashonewa na nani. Kumbe mshonaji yupo. Basi nimepumzika."

Felisia alimpa Heriel simu, akatoka koridoni, akaweka kiganja kwenye vigae. Vilikuwa vikavu. Akarudi ndani, akafungua dirisha.